Kushushwa ili apande: kisa cha mrushaji wa besiboli aliyefika ligi kuu mapema mno

Kisa hiki ni cha kweli. Nimeondoa jina la mchezaji, klabu zake, mji alikotoka na miaka yenyewe, ila takwimu za uwanjani nimeziacha zilivyo, maana bila hizo hakuna cha kujifunza. Aliyefuatilia besiboli kwa muda mrefu huenda akamtambua. Hakuna siri iliyovunjwa, kwani yote yalitokea hadharani mbele ya maelfu ya watazamaji.

Nimekichagua nikiwafikiria wanaofuatilia vijana wa Uganda. Timu ya watoto ya nchi hiyo ilicheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, na tangu 2022 vijana wa Uganda wamesaini mikataba na Los Angeles Dodgers na Pittsburgh Pirates, klabu za ligi kuu ya Marekani. Kila anaposaini mmoja, nyumbani huulizwa swali moja: atacheza ligi kuu lini? Kijana wa kisa hiki alifika ligi kuu akiwa na miaka 21, akiwa ameruka madaraja mawili mazima. Miaka miwili baadaye alirudishwa chini, na huko chini ndiko alikotengenezwa.

Usuli

Klabu za ligi kuu ya Marekani haziwalei vijana wao ndani ya timu ya kwanza. Kila klabu ina timu zake za ligi ndogo zilizopangwa kama ngazi: chini kabisa ni timu za wanaoanza, kisha Single-A, kisha Double-A, na mwisho Triple-A ambayo ni mlango wa ligi kuu. Kwa kawaida mchezaji hukaa karibu mwaka mmoja kila daraja. Wengi hawafiki juu kamwe.

Kijana wetu alizaliwa Amerika Kusini, katika mji wa milimani. Msaka vipaji alimkuta akicheza nafasi ya mdakaji wa nje, yule anayesimama mbali nyuma ya uwanja kusubiri mipira ya juu. Alikuwa mwembamba, wala hakuwa mrefu, lakini mkono wake wa kushoto ulirusha mpira kwa nguvu na kwa ulaini. Klabu ikamsajili angali kijana wa umri wa sekondari, ikampeleka kwenye akademia yake hukohuko kwao, na hapo ikamgeuza kuwa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira. Huu ulikuwa uamuzi wa kwanza wa maana katika kisa hiki, na ulikuwa sahihi. Mkono wa kushoto wenye kasi ni adimu, wakati wadakaji wa nje wako tele.

Miaka michache baadaye alikuwa Single-A nchini Marekani. Huko alicheza msimu mzima, akarusha iningi 160 hivi. Kwa asiyeujua mchezo, iningi ni kipindi ambacho kila timu hupata zamu yake ya kupiga, na mchezo una iningi tisa. Mrushaji hupimwa kwa wastani wa mikimbio, yaani alama, anayowaruhusu wapinzani kwa kila iningi tisa; ukiwa mdogo ndivyo ulivyo bora. Mwaka huo wastani wake ulikuwa 4.66. Si mbaya kwa kijana wa miaka 20, lakini haukuwa wastani wa kumfanya mtu amtabirie makubwa.

Kuruka ngazi

Hapa inaingia kanuni ambayo wengi hawaijui. Klabu haiwezi kumficha kijana kwenye ligi ndogo milele. Baada ya miaka kadhaa, asipowekwa kwenye orodha ya wachezaji 40 wanaolindwa, klabu nyingine inaweza kumchukua mwezi Desemba katika kinachoitwa uteuzi wa Kanuni ya 5. Wakati ule ada ilikuwa dola 50,000, na sharti lake lilikuwa zito: anayemchukua lazima amweke kwenye kikosi cha ligi kuu, wakati huo wachezaji 25, kwa msimu mzima. Akimtoa, lazima kwanza klabu nyingine zipewe nafasi ya kumchukua, kisha klabu ya zamani ipewe nafasi ya kumrudisha kwa nusu ya bei.

Klabu yake haikumlinda. Klabu nyingine, iliyokuwa dhaifu mno siku hizo, ilikuwa na zamu ya kwanza ya kuchagua na ilimtaka. Ikafanya ujanja mzuri. Ilikubaliana na klabu yenye zamu ya pili kwamba kila mmoja amchague mchezaji anayetakiwa na mwenzake, kisha wabadilishane, na huyo wa pili aongeze dola 50,000. Kwa hiyo kijana aliyekuja kuwa mrushaji bora wa zama zake alipatikana bila klabu kutoa hata senti ya ada.

Kwa nini timu dhaifu ilithubutu? Kwa sababu nafasi moja kati ya 25 haikuwagharimu sana. Msimu uliofuata walimaliza wakishika mkia katika kundi lao. Klabu inayowania ubingwa isingeweza kumbeba mtoto wa Single-A miezi sita.

Mwaka wa kwanza na wa pili juu

Mwaka wa kwanza alicheza michezo 30, mitano tu kati ya hiyo akiwa mrushaji wa kuanza, yaani anayerusha tangu mchezo unapoanza. Mingine aliingizwa kutoka benchi la akiba. Alirusha iningi 86, wapigaji wakaupiga mpira wake na kufika kituoni mara 102, na wastani wake wa mikimbio ukawa 6.49. Alitoa vituo vya bure 54, yaani mara 54 alikosa shabaha mara nne kwa mpigaji mmoja, naye akatembea hadi kituo cha kwanza bila jasho.

Ukitazama namba hizo bila kujua historia, utasema kijana hakufaa. Mimi naona kitu kingine. Mchezaji aliyebebwa kwa Kanuni ya 5 huingizwa zaidi mchezo ukiwa umeshaharibika. Anakaa siku nyingi bila kurusha, kisha anaitwa ghafla. Ile ratiba ya mrushaji wa kuanza, ya kurusha kila siku ya tano na kufanya mazoezi ya kujirekebisha katikati, hana. Miaka ambayo mkono wake ulihitaji kazi nyingi, yeye alikuwa amekaa.

Mwaka wa pili sharti la kanuni lilikuwa limekwisha. Klabu ingeweza kumshusha mara moja, tena bila kumpoteza. Haikufanya hivyo. Akabaki juu, akacheza michezo 15, na katikati ya msimu akaumia misuli ya kiwiko, akapoteza sehemu kubwa ya nusu ya pili. Wastani ulishuka hadi 4.74. Maendeleo yalikuwepo, lakini yalikuja polepole.

Uamuzi wa mwaka wa tatu

Mwanzoni mwa mwaka wa tatu timu ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na warushaji wa kuanza wa kutosha, nayo ilianza kuwania ubingwa wa kundi lake. Kijana alikuwa na miaka 23. Klabu ikampeleka Triple-A ikiwa na agizo moja: ajifunze kurusha chenjapu hadi aiamini.

Niieleze chenjapu kidogo, kwa kuwa kisa chote kimefungwa humo.

Kutoka kilima cha mrushaji hadi kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Mrushaji anapoachia mpira tayari ameshanyoosha mwili mbele, hivyo mpira husafiri kama mita 17 tu. Ukirushwa kwa kilomita 150 kwa saa, unafika kwa sekunde 0.41. Mpigaji hana muda wa kuutazama mpira mpaka mwisho. Lazima aamue mapema kama atapiga, kisha akadirie utafika lini. Anachokisoma ni mkono wa mrushaji: kasi yake, pembe yake, mahali unapouachia mpira.

Chenjapu hurushwa kwa mkono uleule, kwa kasi ileile ya mkono, lakini mpira wenyewe unatoka taratibu zaidi, pengine kilomita 135 kwa saa. Siri iko kwenye vidole. Kwa aina aliyojifunza kijana huyu, kidole gumba na cha shahada hufanya duara ubavuni mwa mpira, na mpira hukaa kwenye vidole vitatu vilivyobaki, ambavyo havina nguvu ya kuusukuma sana. Tofauti ya kufika ni kama sekunde 0.045. Inaonekana ndogo, lakini fanya hesabu: wakati mpira wa kasi ungekuwa umeshafika kituoni, chenjapu ingali nyuma karibu mita 1.7. Mpigaji ameshazungusha rungu lake, na mpira haujafika.

Ugumu wake ni wa moyo kuliko wa vidole. Anayejifunza huogopa. Anajua anarusha mpira wa taratibu mbele ya mtu mwenye rungu, na mpigaji asipodanganyika, mpira huo utaruka nje ya uwanja. Hofu hiyo humfanya apunguze kasi ya mkono ili auongoze mpira vizuri. Akipunguza tu, mpigaji anaona, na hadaa inakufa. Kwa hiyo chenjapu huwa mbaya kwa muda mrefu kabla haijawa nzuri, na hakuna njia ya mkato.

Sasa mweke kijana huyo kwenye ligi kuu. Wenzake wanawania ubingwa. Wapinzani wawili wako kwenye vituo. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji anamwonyesha ishara ya mpira wa kasi, kwa kuwa ndio anaouweza. Naye anarusha mpira wa kasi, kesho pia, na kesho kutwa. Mpira asiouamini hautupwi kamwe pale ambapo kosa lina bei kubwa. Angeweza kukaa juu miaka kumi bila kuijua chenjapu.

Kule Triple-A kocha wa warushaji alimpa kanuni rahisi kuliko unavyodhani: kila mpigaji atakayesimama mbele yake lazima arushiwe chenjapu angalau moja, hali ya mchezo iwe iwavyo. Nimeifikiria sana kanuni hii. Inaondoa uchaguzi wakati ambapo kijana angechagua vibaya. Inageuza hofu kuwa kazi ya kawaida, kama mwanafunzi wa udereva anayelazimishwa kuwasha gari mlimani kila siku mpaka mguu usahau woga. Pia inahesabika. Mrushaji wa kuanza hukutana na wapigaji 20 hadi 25 kwa mchezo, na michezo kama kumi inatoa chenjapu mia mbili na zaidi katika mechi za kweli, dhidi ya watu wazima wenye uwezo, huku matokeo ya timu yakiwa hayana uzito kama wa juu.

Kazi hiyo ilichukua miezi miwili hivi. Wastani wake huko ulikuwa 3.14.

Kurudi

Warushaji wa kuanza wa timu ya juu walipoanza kuumia, aliitwa. Mwaka huo alirusha iningi 108 katika ligi kuu, akawatoa wapigaji 137 kwa straiki tatu (straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha), na wastani ukawa 2.99. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akiwatoa kwa straiki tatu karibu 7 kwa kila iningi tisa. Sasa walikuwa zaidi ya 11. Mpira wake wa kasi ulikuwa uleule, ila sasa mpigaji hakuweza kuusubiri akiwa na uhakika, maana huenda kinachokuja si wenyewe.

Kwa mkono wa kushoto chenjapu ina faida ya pili. Mwishoni huelekea kumkimbia mpigaji anayetumia mkono wa kulia, na wapigaji wengi ni wa mkono wa kulia. Warushaji wa kushoto wengi huwaweza wapigaji wa kushoto tu, na zama hizo klabu ziliishia kuwatumia kwa mpigaji mmoja au wawili. Mpira huu mmoja ulimtoa katika kundi hilo.

Hapo ungedhani mambo yamenyooka. La hasha. Mwaka uliofuata, mrushaji mmoja wa kuanza alipoumia kabla ya msimu, klabu haikumpa kijana nafasi hiyo. Ilimsajili mkongwe kutoka nje na kumrudisha yeye kwenye benchi la akiba. Hakuficha kwamba hakupendezwa, na sioni kwa nini angeficha. Alikwisha kufanya yote aliyoagizwa. Alipewa nafasi ya kudumu ya kuanza mwezi Julai, akamaliza msimu kwa ushindi 12 na vipigo 3.

Matokeo

Msimu uliofuata, wa tano tangu alipofika ligi kuu, alirusha iningi 228, akawatoa wapigaji 265 kwa straiki tatu, akashinda michezo 20 na kupoteza 6, na wastani wake ukawa 2.61. Katika nusu ya pili ya msimu hakupoteza hata mchezo mmoja. Alipewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake kwa kura zote.

Namba ninayoipenda zaidi iko pembeni ya hizo. Mwaka wake wa kwanza alitoa vituo vya bure 54 katika iningi 86. Mwaka wa tuzo alitoa 54 vilevile, katika iningi 228.

Kilichofaulu

Uamuzi wa kumshusha ulifaulu kwa sababu ulikuwa na jina. Vijana wengi hushushwa wakiambiwa wakajirekebishe, wakajenge kujiamini, wakakomae. Maneno hayo hayamwambii mtu afanye nini Jumatatu asubuhi. Huyu aliambiwa mpira mmoja, na kocha akauvunja mpira huo kuwa tendo moja kwa kila mpigaji. Klabu nayo ingejua kazi imekwisha bila kubahatisha.

Jambo la pili ni kwamba makocha walitambua kilichokosekana ilhali namba zilikuwa zikiboreka. Kutoka 6.49 hadi 4.74 ni maendeleo ya kutosha kumridhisha kocha mvivu. Wao waliona kwamba mrushaji mwenye mpira wa kasi na mpira wa kukata, ule unaopinda mwishoni, tu hufika mahali akakwama. Mpigaji akikutana naye mara ya tatu katika mchezo mmoja anakuwa ameshamsoma. Bila silaha ya tatu angebaki mtu wa benchi la akiba.

Tena asisahauliwe kijana mwenyewe. Kushushwa kulikuwa na gharama kwake. Mshahara wa chini wa ligi kuu wakati huo ulikuwa dola 200,000 kwa mwaka, na mchezaji akishushwa kipato hushuka naye. Siku za ligi ndogo pia hazihesabiwi katika miaka sita anayohitaji ili awe huru kuchagua klabu. Alikwenda, akarusha mpira asiouamini kwa kila mpigaji, akapigwa alipopigwa.

Kilichoshindikana

Klabu yake ya kwanza ilipoteza hazina kwa kuuangalia wastani wa Single-A. Sitailaumu sana kwa hilo. Lawama yangu naielekeza kwa klabu ya pili, kwa mwaka ule wa pili. Sharti la kanuni lilikwisha, kijana alikuwa na miaka 22, hakuwa na ratiba, na mpango wa chenjapu ungeweza kuanza siku hiyohiyo. Wakamwacha juu kwa sababu alikuwa tayari juu. Kumrudisha aliyekwisha fika huonekana kama kukiri kosa, na mashabiki huuliza. Mwaka ule haukumjenga, na uliishia kwenye jeraha. Siwezi kudai kwamba kukaa na kuitwa ghafla ndiko kulikomuumiza kiwiko, ila najua ratiba isiyotabirika si rafiki wa mkono wa mrushaji.

Suala la kumrudisha benchi baada ya kufanya vizuri lina mjadala. Wapo watakaosema klabu ilikuwa ikimlinda asirushe iningi nyingi mapema, na hoja hiyo ina uzito kwa mtu aliyetoka kwenye jeraha. Lakini mtu akiagizwa jambo, akalifanya, kisha nafasi aliyoifanyia kazi akapewa mwingine, unajaribu uvumilivu wake. Huyu alivumilia. Mwingine angeomba kuuzwa, na klabu ingempoteza kwa kosa lake yenyewe.

Kwa anayetaka kukitumia kisa hiki

Mambo mawili hapa hayawezi kunakiliwa. Mkono wenye kasi ya kutosha ulikuwepo kabla ya kocha yeyote, na chenjapu bila mpira wa kasi nyuma yake haimtishi mtu. Halafu timu ilikuwa dhaifu mwanzoni, ikaweza kumbeba. Kwingine angerudishwa kwa klabu yake ya zamani ndani ya miezi miwili, pengine asisikike tena.

Kinachoweza kunakiliwa ni zile wiki nane zisizo na haraka, na hizo ndizo zimekuwa ngumu kupatikana leo. Klabu za sasa huwapandisha na kuwashusha warushaji vijana kila mkono mpya unapohitajika, hata mkataba wa pamoja wa mwaka 2022 kati ya klabu na chama cha wachezaji ukalazimika kuweka kikomo: mchezaji asishushwe zaidi ya mara tano katika msimu mmoja. Kijana anayepandishwa Jumamosi na kurudishwa Jumanne hurusha mpira anaouweza ili aitwe tena. Wapigaji mia mbili wa kujifunzia kwa kukosea, yeye hawapati.